Fahamu: Je, akili peke yake inaweza kumfikia Mungu?

Wamisionari Wabenedikto walipofika Peramiho, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1898, hawakukuta watu wasiomjua Muumba. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti alitetea hoja hiyo kwa bara zima: kitabu chake cha mwaka 1970 kilikusanya imani za jamii karibu 300 za Kiafrika. Wapo wanaouona ushahidi huo kuwa hoja ya kuwepo kwa Mungu. Kwangu ni dokezo zito, ila si uthibitisho, maana watu wengi wanaweza kukubaliana na bado wakakosea.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya mwanateolojia Thomas Aquinas, wa karne ya 13. Ukipita Mbinga, kuelekea Ruanda, ukaona ngoro za Wamatengo, yaani mashimo yao ya kilimo yaliyopangwa mlimani, unajua kuna mkono uliozichimba. Lakini Aquinas haishii kwenye mpangilio. Anauliza kwa nini kuna mlima hata kidogo, ilhali ungeweza kutokuwepo. Mwanafalsafa Immanuel Kant alipinga hoja za namna hii mwaka 1781: sababu tunazijua ndani ya ulimwengu tu, si nje yake. Pingamizi hilo linastahili jibu la kina. Kwa upande wake, Kanisa Katoliki lilitamka, mwaka 1870, kwamba akili inaweza kumjua Mungu. Utatu, hata hivyo, hujulikana kwa ufunuo pekee.