Nani Huzoa Taka za Area 25?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya Malawi, ya mwaka 1998, imeweka uzoaji wa taka mikononi mwa halmashauri. Area 25, kitongoji chenye watu wengi kaskazini mwa Lilongwe, karibu na viwanda vya Kanengo, iko chini ya Baraza la Jiji. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tofauti na Area 25, iko wilaya ya Dowa, nje ya mipaka ya jiji. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wamepita 50,000. Usafi wake husimamiwa na serikali pamoja na UNHCR na mashirika washirika, wala gari la taka la jiji halina ratiba huko.

Ndani ya jiji, huduma hufuata ramani ya makazi. Penye viwanja vikubwa na barabara pana, gari hupita nyumba kwa nyumba. Masokoni na penye msongamano huwekwa kontena la chuma, nalo likijaa hubebwa hadi dampo la Area 38. Gari likichelewa, taka humwagika pembeni, na mtu huchimba shimo uani au huchoma. Sehemu kubwa ni maganda, majani na mabaki ya chakula: taka nzito, yenye maji, inayooza upesi wakati wa masika. Kuitengeneza mboji palepale mtaani kungepunguza safari za gari, na mafuta ndiyo yanayokula bajeti.

Fedha hutoka hasa kwenye kodi ya majengo, na hapo ndipo penye tatizo: nyumba isiyo kwenye daftari la kodi hailipi, lakini taka yake ipo. Usimamizi nao uliyumba. Mabaraza yalivunjwa mwaka 2005, na madiwani hawakuchaguliwa tena hadi 2014. Kwa miaka tisa mwananchi aliyekerwa na jalala hakuwa na diwani wa kumbana; alibaki na watendaji tu.

Kanuni nyingine hutungwa na ngazi iliyo juu ya halmashauri. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku plastiki nyembamba, chini ya maikroni 60. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, kesi ikaendelea hadi Julai 2019, Mahakama ya Juu ya Rufani ilipoikubali marufuku hiyo. Usimamizi wa mazingira kitaifa umewekwa chini ya mamlaka iliyoundwa na sheria ya 2017, ilhali mifuko inayoziba mitaro ya Area 25 bado huondolewa na Baraza la Jiji.