SIKU MOJA GOZO: JIWE LA MAIMUNA NA LUGHA ILIYOBAKI



Mwezi wa Aprili 2025, siku chache baada ya kumaliza sita za Shawwali, nilipewa heshima ya kufuatana na vijana kumi na wanane wa jumuiya yetu katika safari yao ya masomo kisiwani Malta. Tangu turudi Uingereza wazazi kadhaa wameniuliza, "Mwalimu, watoto wamejifunza nini huko?" Nimeona vyema nijibu kwa kalamu, tena kwa kuieleza siku moja tu: Alhamisi tarehe 10, siku tuliyokwenda kisiwa cha Gozo na kurudi.

Malta ni visiwa vidogo vilivyo kusini mwa Sicily, katikati ya bahari ya Mediterania. Kisiwa kikubwa kina eneo la kilomita za mraba 246, na Gozo kina 67 tu, hata Unguja yetu yaweza kukimeza zaidi ya mara ishirini. Tulipanda feri asubuhi katika bandari ya Ċirkewwa. Mwendo ni wa dakika kama 25, na njiani chombo hukipita kisiwa kidogo ambacho wenyeji hukiita Kemmuna, jina litokanalo na ule uzile tuutiao katika pilau.

Safari yetu ya kweli ilianzia humo ndani ya feri. Mhudumu mmoja wa mkahawa alikaribishwa keki na mwenzake, naye akaikataa huku akitaja neno "Randan". Kijana wetu mmoja akanigeukia kwa mshangao: "Mwalimu, amesema Ramadhani?" Ikanibidi nieleze. Watu wa Malta wengi wao ni Wakristo Wakatoliki, na siku hizo walikuwa katika Kwaresima. Lakini Kwaresima kwa lugha yao ni Randan, na Mungu wanayemwomba humwita Alla.

Baada ya hapo vijana hawakunipa nafasi ya kupumua. Walitoa madaftari wakaanza kuwauliza abiria maneno. Asali ni għasel. Bahari ni baħar. Kitabu ni ktieb. Dunia ni dinja, na mauti ni mewt. Saa ni siegħa. Walipohesabu sitta, sebgħa, disgħa, vijana wakajibu kwa pamoja: sita, saba, tisa! Bibi mmoja wa Kigozo, aliyebeba kikapu cha mikate, alicheka hata akatoa leso kufuta machozi.

KWA NINI MANENO HAYA YAPO

Mwaka 870 majeshi ya Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini yaliitwaa Malta. Mwaka 1091 wakaja Wanormani, watawala wa Kikristo waliokuwa wamekwisha kuiteka Sicily. Waislamu hawakuondoka mara moja. Waliendelea kuishi, kulima na kuswali chini ya wafalme hao kwa zaidi ya miaka mia, mpaka katika karne ya 13 ndipo Uislamu ulipotoweka visiwani. Misikiti haikubaki, lakini lugha ilibaki.

Ilibaki kwa njia inayostahili kuzingatiwa. Kwa karne nyingi wasomi na mahakimu wa Malta walitumia Kitaliani, na Kimalta kilihesabiwa kuwa lugha ya wakulima, wavuvi na jikoni. Hapakuwa na serikali iliyokitetea. Mama walikisema na watoto wao, na watoto wale wakakisema na wao. Mwaka 1934 kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tangu 2004 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya, nayo ndiyo pekee kati ya hizo iliyo ya ukoo mmoja na Kiarabu.

Kutoka bandari ya Mġarr tulikwenda kwanza Ġgantija, mahekalu ya mawe makubwa yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi za Misri. Kisha tukashuka pwani ya Dwejra. Vijana walikuwa wameona katika picha lile dirisha mashuhuri la mwamba lililosimama juu ya maji. Lilianguka katika dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017, na tuliyoyakuta ni mawimbi matupu. Hapo tulikula maandazi yetu, tukaelekea kibla, mashariki na kidogo upande wa kusini, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

MAIMUNA BINTI HASSAN

Mchana tulipanda ngome ya Victoria, mji ambao wenyeji bado huuita Rabat. Sikuwaficha vijana kwamba ngome hiyo ilivunjwa mwaka 1551 na jeshi la majini la Waturuki, Waislamu wenzetu, na kwamba karibu watu wote wa Gozo, wapatao 5,000, walichukuliwa utumwani. Historia haifai kusomwa nusu.

Ndani ya ngome kuna makumbusho ya mambo ya kale, na humo limo jiwe la marumaru, lililokwisha kutumiwa zamani na Warumi, kisha likachongwa upya kuwa jiwe la kaburi la mwanamke wa Kiislamu. Maandishi yake ni ya Kikufi. Niliwakumbusha vijana msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, ambao nao una maandishi ya Kikufi, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jiwe hili ni la mwaka 569, sawa na 1174. Watu waliokuwa mbali namna hii waliandika jina la Mola wao kwa hati moja.

Binti mmoja wa miaka kumi na sita, aliyekwisha kuhitimu Msahafu, alisogea karibu. Herufi zilimshinda kwanza, kwa kuwa hazifanani na zile za chuoni, kisha akaliona neno Allah, na kutoka hapo akaanza kukokotoa. Mlinzi wa chumba, mtu wa makamo, alikuwa akimtazama. Akatuambia kwa Kiingereza kwamba amekaa na jiwe hilo miaka mingi na hawezi kusoma hata herufi moja.

Nikawasomea pale palipotajwa jina: hadha qabru Maimuna. Mlinzi akainua kichwa. "Qabar," akasema, "hata sisi twasema qabar." Binti akanitazama. "Mwalimu, ni kaburi?" Nikamwambia naam, ndilo. Jiwe lamweleza marehemu kuwa ni Maimuna binti Hassan, na lamwuliza apitaye kama kuna kitu duniani kiwezacho kuyazuia mauti. Tena laeleza kwamba alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 16 Shaabani.

"Il-Ħamis," akasema mlinzi.

"Alhamisi," akasema binti. "Kama leo."

Basi tulisimama watatu mbele ya jiwe moja. Mlinzi aliyafahamu maneno yakitamkwa, lakini herufi hakuzijua. Binti yetu alizijua herufi, lakini maneno yalimpita, isipokuwa yale machache aliyoyapokea kwa njia ya Kiswahili cha nyumbani kwao. Maimuna mwenyewe alizikwa chini ya mfalme asiye wa dini yake, na watu wake wakamwandikia jiwe bila ya kujua kizazi gani kitakuja kulisoma.

KATIKA FERI YA JIONI

Wakati wa kurudi binti yule alikuja kukaa nami. Akaniambia, kwa Kiingereza, kwamba bibi yake yuko Zanzibar na hupiga simu kila Ijumaa. "Mimi humwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba, maneno yangu yamekwisha. Nampa mama simu." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ningeweza kumwandikia maneno ya kumwuliza bibi yake habari za utoto wake. Nilimwandikia sentensi kumi na mbili, naye akawa anazisoma kwa sauti ya chini mpaka tulipofika Malta.

Ndugu wazazi, sina haki ya kumlaumu mtu. Mimi niliyesomesha Kiswahili miaka mingi nilizungumza Kiingereza na wanangu tulipofika Uingereza, kwa hofu kwamba wangebaki nyuma shuleni. Shuleni walifaulu. Leo wajukuu wangu huniita Babu, na hilo ndilo neno lao la Kiswahili karibu pekee. Wazee wetu walisema mwacha asili ni mtumwa, nami niliifundisha methali hiyo darasani nikiivunja nyumbani.

Alhamdulillahi, watoto wetu wengi huhudhuria chuo na kusoma Qurani, na jambo hilo tulishike kwa meno. Lakini darasa letu la Kiswahili la Jumamosi limebakiwa na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole. Naomba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba. Chakula cha jioni kiliwe kwa Kiswahili, hata kikiwa cha kuvunjikavunjika. Mtoto akikosea asichekwe, maana mtoto aliyechekwa hasemi tena. Na simu ya Ijumaa ashike mtoto kwanza, mama baadaye.

Nimepata habari kwamba binti yetu alimpigia bibi yake Ijumaa iliyofuata, na kwamba aliposoma sentensi ya nne, bibi alianza kueleza na hakunyamaza kwa nusu saa. Binti hakufahamu yote. Darasani, Jumamosi, alikuja na orodha ya maneno ya kuuliza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Maimuna binti Hassan, na awahifadhi watoto wetu katika dini na lugha yao. Wabillahi tawfiq.