Jina Nsanzugwanko na Maana Yake

Majina mengi ya nchi yetu ya Buha si sauti tupu. Ni maneno kamili, yaliyosemwa siku moja na mzazi mwenye jambo moyoni. Leo twataka kulitazama jina moja lijulikanalo Kasulu, ambalo hata bungeni limepata kusikiwa: Nsanzugwanko.

Ndani yake mna maneno mawili. Nsanze ni kusema "nimekuta". Ugwanko ni chuki. Basi maana yake, "Nimekuta chuki." Asiyejua hudhani kwamba mtoto anatukanwa, lakini sivyo. Jina la namna hii ni neno la mzazi kwa ndugu au jirani wasiopatana naye. Badala ya kwenda kugombana mlangoni pao, huliweka neno lake katika jina la mtoto. Na kila amwitaye mtoto hulitamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Ziko namna nyingine pia. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, yaani mkubwa na mdogo, naye awafuataye ni Kiza. Minani ni jina la mtoto wa nane. Tena yako majina yamtajayo Mungu kwa jina la kale, Imana: Habonimana, "Aonaye ni Imana," na Ntakirutimana, "Hakuna kimpitacho Imana."

Zamani jina lilikuwa la mtu mwenyewe. Mwana wa Nsanzugwanko alipewa jina lake mbali, kwa khabari ya kuzaliwa kwake. Ndipo vikaja vitabu vya ubatizo, vya shule na vya kodi, vikitaka jina la baba liandikwe nyuma ya jina la mtoto. Hivyo neno la siku moja likawa la ukoo. Wajukuu huchukua chuki wasiyoikuta wao, na aitwaye Minani aweza kuwa kifungua mimba.

Majina haya yako Burundi vilevile, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 nchi hizi mbili zilitawaliwa na Wajerumani; baada ya vita Urundi ikawekwa chini ya Wabelgiji, na Buha, katika Tanganyika, chini ya Waingereza. Mpaka uliwekwa kati ya watu waliokuwa na majina yao tayari. Nao wakimbizi walipopokewa Nyarugusu, na Nduta tena, mwaka 2015, watu waliochukua majina kama yetu waliongezeka kati yetu. Ndiyo maana mtu wa Kibondo au Kasulu huweza kuulizwa, kwa ajili ya jina tu, kama yeye ni mgeni.

Lakini jina halitaji nchi ya mtu; lataja khabari ya nyumba yake. Basi, walimu, msilikate jina la mtoto kwa kuwa ni refu. Liandikeni zima, herufi kwa herufi. Nanyi wazazi, msilifiche kwa hofu. Waulizeni wazee wangali hai: ni nani aliyeikuta chuki, ilitoka kwa nani, nayo ilikwishaje? Mtoto ajuaye majibu hayo hatainamisha kichwa aulizwapo jina lake.