Mashine ya Ushuru na Karatasi Isiyo na Wino

Lori la mazao linapofika kwenye kizuizi cha halmashauri nchini Tanzania, mkusanyaji ushuru hutoa mashine ndogo iliyozoeleka kwa jina la POS, hubonyeza tarakimu, na ukanda wa karatasi hutoka. Zamani angalitoa kitabu cha stakabadhi na karatasi ya kaboni.

Ushuru wa mazao hutozwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982. Mwaka 2017 kiwango chake kwa mazao ya biashara kilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 ya bei ya shambani. Kwa hesabu hiyo, shehena ya mazao hayo yenye thamani ya shilingi 6,000,000 hutozwa shilingi 180,000. Enzi ya kitabu, ilitosha kuichomoa kaboni: karatasi ya mnunuzi ikaandikwa 180,000, na nakala iliyobaki kitabuni 18,000. Mkaguzi aliyeiona nakala peke yake hakuwa na njia ya kugundua.

Mashine huufunga mlango huo. Ndani yake mna kompyuta ndogo, betri na laini ya simu. Tarakimu huingizwa mara moja tu. Hiyo hiyo huchapwa, huhifadhiwa, kisha hurushwa kwa mawimbi ya simu hadi kwenye mfumo wa mapato, ambako mweka hazina huiona. Pasipo na mtandao, mashine huitunza kumbukumbu hiyo hadi mawimbi yapatikane.

Ajabu ni kwamba stakabadhi yenyewe haina wino. Karatasi yake imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na asidi hafifu. Kichwa cha mtambo hupata moto katika nukta ndogo ndogo. Joto huyeyusha kemikali hizo, zikachanganyika, na weusi ukajitokeza. Mwanafunzi anaweza kuikwaruza kwa ukucha kwa kasi, naye ataona mstari mweusi. Ndiyo sababu stakabadhi iliyosahauliwa juani mbele ya usukani huharibika, na mnunuzi mwangalifu huitolea fotokopi mapema.

Hata hivyo, kinachosafiri kwa mawimbi ni habari za fedha, wala si fedha. Noti hubaki mkobani mwa mkusanyaji. Taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara makusanyo yaliyosomeka katika mashine lakini hayakufika benki, pamoja na mashine zilizokaa nje ya mtandao. Angalau sasa pengo hilo hupimika: ni jumla ya stakabadhi ukitoa kilichopelekwa benki.

Mfumo wa malipo wa Serikali ulioanza mwaka 2017 umeongeza njia nyingine. Kila ankara hupewa namba yake ya malipo, na mlipaji hulipa kwa simu au benki, pasipo noti kupita mikononi mwa mkusanyaji.

Lakini lori lililopitishwa usiku bila tarakimu hata moja kubonyezwa halimo katika kompyuta yoyote. Hulijua dereva, mkusanyaji, na mlinzi aliyeinua kizuizi.