Louise Michel na Mtihani wa Kisiwani

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii tumezoea kuwatupia mabeberu, nao wanaistahili. Ni mara chache tunapojiuliza iwapo haiwahusu pia wale walioinuka kupambana na dhuluma. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mwanamke wa karne ya 19 ambaye swali hilo lilimkuta kisiwani, akiwa mfungwa, naye akalijibu.

Bibi Louise Michel alizaliwa tarehe 29 Mei, 1830, katika kijiji cha Vroncourt nchini Ufaransa. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya mabwana. Alipohitimu ualimu alitakiwa kula kiapo cha utii kwa Napoleon III ili afundishe katika shule za serikali. Alikataa, akafungua shule yake mwenyewe. Mwaka 1856 alihamia Paris, na baadaye akawa mwalimu katika mtaa wa Montmartre.

Tarehe 18 Machi, 1871, baada ya Ufaransa kushindwa vitani na Wajerumani, serikali ilipeleka askari Montmartre kuchukua mizinga ya walinzi wa mji. Wananchi, wanawake kwa wanaume, waliwazunguka askari hao, nao wakakataa kuwafyatulia risasi. Hapo ndipo ilipozaliwa Komuni ya Paris, utawala wa mafundi na vibarua uliodumu kwa zaidi ya miezi miwili. Bibi Louise aliuguza majeruhi, na pia alishika bunduki. Jeshi lilipouteka mji na kuua watu kwa maelfu, alijisalimisha ili mama yake aliyekamatwa apate kuachiliwa. Mbele ya mahakama ya kijeshi, Desemba 1871, hakukana lolote. Aliwaambia mahakimu kwamba kama wao si waoga, basi na wamuue. Hawakumwua. Walimhukumu kuhamishwa ng'ambo, na mwishoni mwa mwaka 1873 meli ilimshusha Kaledonia Mpya, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kilichotwaliwa na Ufaransa mwaka 1853.

Huko ndiko ulikokuwa mtihani wenyewe. Wenyeji wa kisiwa, Wakanaki, walikuwa wakinyang'anywa ardhi, na ng'ombe wa walowezi wakikanyaga makonde yao ya viazi vikuu na majimbi. Inasimuliwa kwamba chifu Ataï, aliposhauriwa ajenge ua kuyalinda mazao yake, alijibu kuwa atajenga siku ile majimbi yake yatakapokwenda kuwala ng'ombe. Mwaka 1878 Wakanaki walichukua silaha.

Katika wafungwa wa Komuni, watu walioupinga ufalme na kumwaga damu kwa ajili ya haki, wengi waliunga mkono serikali ile ile iliyowafunga. Wapo hata waliobeba bunduki kuwapiga Wakanaki. Kwao uhuru ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa rangi ya ngozi.

Bibi Louise alisimama upande wa wenyeji. Alikwisha kujifunza maneno ya lugha zao na kukusanya hadithi zao, ambazo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1885. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba Wakanaki wawili walikwenda kumuaga kabla ya kujiunga na vita, naye akawapa kitambaa chekundu cha Komuni alichokuwa amekificha miaka yote ya kifungo. Vita vilishindwa. Ataï aliuawa tarehe 1 Septemba, 1878, na kichwa chake kikapelekwa Paris. Hakikurudishwa kwa watu wake hadi mwaka 2014.

Msamaha wa mwaka 1880 ulimrudisha Bibi Louise kwao, lakini hakunyamaza. Mwaka 1883 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kuongoza maandamano ya watu wasio na kazi. Mwaka 1888 mtu mmoja alimpiga risasi kichwani. Yeye mwenyewe akamwombea asiadhibiwe. Uhamishoni aliwahi kufahamiana na Waalgeria waliofungwa kwa uasi wao wa mwaka 1871, na mwaka 1904, akiwa mzee na mgonjwa, alikwenda Algeria kuhutubia. Alifariki Marseille tarehe 9 Januari, 1905.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya meli kuleta mabwana wapya. Lakini tunalo la kujifunza kwa mfungwa huyu. Kudai haki yako ni ushujaa. Kuitambua haki hiyo hiyo kwa aliye chini yako ni mtihani mgumu zaidi. Kila aliyekabidhiwa dhamana, ambaye jana yeye au wazazi wake walikuwa wanyonge mlangoni pa mtu, hana budi kujiuliza anampokeaje leo mkulima anayefika kulalamikia konde lake. Jibu lake hapo, wala si hotuba zake, ndilo litakaloonyesha kama aliichukia dhuluma yenyewe, au alichukia tu kudhulumiwa yeye.