Sifa Yenye Ushahidi

Tangu zama za wakaguzi wa shule, ambao habari ya kuwasili kwao wilayani ilitosha kuwakesheza walimu wakijaza maandalio ya masomo yaliyolala tangu muhula kuanza, mgeni aketiye nyuma ya darasa amehesabiwa kuwa mtafuta kasoro. Na ijapokuwa Tanzania sasa inawaita wathibiti ubora, na mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawataka walimu wenyewe wakutane shuleni na kufundishana, hofu ile ya zamani haijatoka nyoyoni. Afisa elimu kata akifungua daftari lake, chaki ya mwalimu hutetemeka.

Sisemi kasoro zisitajwe. Nisemalo ni kwamba sifa, ikiwa ya kweli na ikiwa imeelekezwa kwenye tendo lililoonekana, ni somo kamili kwa mwalimu, kwa kuwa aghalabu mtu hutenda jema bila ya kulitambua, na asilolitambua hawezi kulikusudia kesho.

Mathalan, mwalimu wa darasa la pili ameuliza swali juu ya hadithi waliyoisoma. Mikono ya wale wa kila siku imenyanyuka papo hapo, naye, badala ya kumchagua mmojawapo, akanyamaza, akatazama safu za nyuma, hata mtoto aliyekuwa kimya tangu asubuhi akajibu kwa sentensi nzima. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja jibu kwa muda wa kama sekunde moja tu, na kwamba wakingoja sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na watoto waliozoea kunyamaza huanza kusema. Mshauri mvivu atamwambia mwalimu huyo, “Hongera, somo zuri,” atie sahihi kitabu cha wageni, aondoke. Mshauri stadi atasema: “Mwalimu, ulipouliza kwa nini sungura alikimbia, hukumpa nafasi aliyewahi kunyoosha mkono, ulingoja, na yule binti wa karibu na dirisha akapata wasaa wa kufikiri, akajibu. Ulikuwa unawaza nini pale?” Pengine mwalimu atacheka na kukiri kwamba alikuwa amesahau swali lifuatalo. Haidhuru: tangu siku hiyo atangoja kwa kukusudia.

Wataalamu wa saikolojia Kluger na DeNisi, waliokusanya tafiti nyingi mwaka 1996, walikuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya hali walizozichunguza, kumweleza mtu namna alivyofanya kazi kulimshusha badala ya kumwinua, hususan pale fikra zake zilipohamishwa kutoka kwenye kazi na kuelekezwa kwenye nafsi yake. Hattie na Timperley, wakiandika mwaka 2007, nao waliona kwamba sifa za nafsi, za namna ya “wewe ni hodari”, hazimfunzi mtu kitu cha maana. Basi tofauti ya sifa na ubembelezi ni hiyo: ubembelezi humtaja mtu, sifa hutaja alilolifanya na lililowapata wanafunzi kwa sababu yake.

Iko pia desturi ya kuanza kwa sifa kisha kuileta “lakini”. Walimu wamekwisha kuijua. Sifa ikitamkwa, wao husubiri pigo. Afadhali marekebisho yachipuke katika sifa yenyewe: “Swali la kwanza uliwangoja; la mwisho ukalijibu mwenyewe. Tufanyeje kesho ili nalo walijibu wao?”

Na somo likiwa bovu kwelikweli, mshauri asizue jema lisilokuwapo, maana mwalimu anajua lilivyokwenda na uongo huo utaziharibu hata sifa za haki zitakazofuata. Atafute tendo dogo, kama vile daftari moja lililosahihishwa kwa makini, na asipoliona hata hilo, amuulize mwalimu ni wapi somo lilianza kumponyoka, kisha wapange siku ya kulifundisha tena pamoja.