Nafasi kati ya Pistoni na Valvu

Katika injini nyingi za matatu na pikapu zinazopita soko la Kongowea, pistoni na valvu hupishana kwa nafasi ndogo sana. Toyota 3L, dizeli iliyofungwa katika Hiace nyingi za abiria, ni mfano mmoja: kemshafti yake huzungushwa na mkanda wa taimingi, na mkanda huo ukikatika au ukivalishwa vibaya, valvu hugongwa na pistoni.

Injini ikifunguliwa, nafasi hiyo inaweza kubadilika. Hedi ikichongwa, valvu husogea karibu na pistoni. Kemshafti nayo hukaribia krenki, hivyo taimingi huchelewa kidogo hata alama za puli zikilingana.

Kipimo ni rahisi. Plastisini hubandikwa juu ya pistoni, mahali valvu zinaposhukia, na valvu hupakwa oili zisinate. Hedi hufungwa kwa gasketi iliyokwisha kubanwa, taimingi hupangwa, kisha krenki huzungushwa kwa spana mizunguko miwili, polepole, maana ndiyo mzunguko mmoja wa kemshafti. Ikikwama, isilazimishwe kamwe. Hedi hutolewa, plastisini hukatwa na kupimwa palipo pembamba zaidi. Kwa injini za petroli, kipimo kinachotumiwa sana ni angalau milimita 2 kwa valvu za kuingiza na 2.5 kwa za moshi, ambazo hupata joto zaidi na kurefuka. Kwa dizeli nafasi ni finyu zaidi, na hapo hufuatwa kitabu cha mtengenezaji tu. Fundi anayeruka hatua hii humwachia mwenye gari gharama ya valvu zilizopinda.